Mzinga Uliokwenda Mwezini Bila Mimi

Nimeibiwa mara tatu maishani. Mara ya kwanza simu, sokoni. Mara ya pili sufuria jipya nililokuwa nimelianika uani. Mara ya tatu mzinga wa nyuki wa baba yangu, ambao nilikuwa nimeugeuza mkoba wa mgongoni wa mtu anayesafiri kwenda mwezini. Simu niliililia, sufuria nikalilaani. Mzinga niliambiwa nicheke, kwa sababu aliyeuchukua ni mtani wangu, na kwetu mtu hamkasirikii mtani.

Mimi ni Mnyamwezi. Yeye ni Mzaramo, mwalimu mwenzangu, aliyehamishiwa shule yetu ya msingi pale Mtendeni akitokea pwani. Njia ya misafara ilianzia upande wa kwao ikaja hadi kwetu, na watu waliotembea pamoja miezi kwa miezi, wakagombania maji na kuzikana njiani, waliwaachia wajukuu ruhusa ya kutukanana bila kuchukiana. Mtani anaweza kukuita mchoyo mbele ya mkweo. Anaweza kuingia msibani kwako akavaa koti la marehemu na kuiga kikohozi chake, mkacheka huku machozi yanawatoka. Anaweza kunyanyua kitu chako mbele ya watu akaondoka nacho, na wewe unatakiwa kukikomboa kwa soda au kuku, tena kwa uso mkunjufu. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa.

Siku ya kwanza alipoingia ofisi ya walimu, kabla hata hajapewa kiti, aliuliza nani hapa Mnyamwezi. Nikanyoosha mkono. Akanitwisha begi lake.

"Haya mpagazi, kazi ya babu yako hiyo. Usiniangushie."

Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Nikamjibu kwamba babu yangu alibeba pembe za ndovu, si madera, na kwamba Wazaramo waliofika huku kwa miguu ni wale waliofukuzwa ngomani kwa kutojua kucheza. Tangu siku hiyo tukawa chanda na pete. Nilimpikia uji alipougua malaria. Yeye alinisuka nywele kila Jumapili kwa zaidi ya mwaka. Nayasema haya ili ijulikane kwamba aliyenifanyia niliyofanyiwa hakuwa mtu wa kupita njia.

Mimi nafundisha sayansi, darasa la tano, na tangu utotoni nina ugonjwa wa anga. Nilipokuwa na miaka kama kumi kulikuwa na kibanda cha video karibu na stesheni ya Urambo. Tulikuwa tunachungulia kwenye upenyo wa mikeka, na humo ndani nikaona watu wanaruka juu ya mawingu na vitu mgongoni vinavyotema moto. Nilirudi nyumbani mbio nikamwambia baba kwamba nami nataka kitu kama kile. Baba alikuwa anaparua gome la mti. Hakuinua hata kichwa.

"Ukishafika huko juu," aliniuliza, "nani atakuteremsha?"

Baba ni mrina asali. Kwake juu maana yake ni tawini, na mtu hapandi huko bila sababu. Amesomesha watoto sita kwa asali na tumbaku kidogo, na sijawahi kumlaumu kwa kutojali nyota. Lakini nilikuwa naumia. Kila nilipomweleza kitu nilichokisoma, alinisikiliza kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kuchezea chakula.

Basi mwaka juzi kikundi kimoja cha sanaa pale mjini kikatangaza onyesho la mavazi ya kubuni. Sharti lilikuwa moja: vazi liwe la mtu wa miaka mia ijayo, na litengenezwe kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Jumamosi mchana, ukumbini, kila mtu akaribie. Nilijiandikisha siku hiyohiyo. Kisha nikampigia baba simu nikamwomba mzinga mmoja, na nikamwomba siku ya onyesho aje, akae mbele. Haki ya Mungu sikuwa na habari na zawadi. Nilitaka kitu kimoja tu: baba yangu aketi pale aone kazi ya mikono yake na kazi ya mikono yangu ziko kwenye mgongo mmoja, na watu wanazipigia makofi.

Mzinga tuliufuata pamoja, mimi na mtani, siku ya Jumapili baada ya ibada. Kijiji cha baba kiko nje ya Urambo, ukishavipita vituo vya kununulia tumbaku, pale mashamba yanapokoma na miombo inapoanza. Mtani alipiga magoti akasema, "Shikamoo baba." Baba akaitikia, "Marahaba mwanangu." Kabla hawajaachiana mikono, mwenzangu akaongeza, "Sasa baba, nimetembea kwa miguu tangu Bagamoyo. Ushuru wangu wa njia uko wapi?"

Baba alicheka hadi akatafuta pa kushika. Sikumbuki mara ya mwisho mimi kumchekesha hivyo. Akamwahidi galoni la asali msimu ukifika.

Mzinga wenyewe ulikuwa wa gome la myombo, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, umekunjwa ukawa bomba na kushonwa kwa vijiti. Ulikuwa mwepesi kuliko unavyodhani ukiutazama. Ndio wa mwisho baba aliouambua kabla hajaanguka mtini na kuvunjika mguu. Haukuwahi kupandishwa. Ulikaa ghalani miaka minne ukinukia nta aliyoipaka ndani kuwaitia nyuki.

"Kata utakavyo," baba aliniambia. "Ila hapa penye alama usipakate."

Alama ilikuwa imechomwa kwa chuma cha moto, karibu na mdomo wa mzinga. Kila mrina wa kwetu ana yake. Porini hakuna ukuta wala kufuli. Mzinga unakaa mtini mwaka mzima peke yake, na kinachosema huu ni wa fulani ni alama tu. Mtani alichuchumaa pale akaanza maswali yake: kwa nini mistari hii imelala, kwa nini huu umesimama, nani aliianza. Baba akamweleza kwa kituo, naye akawa anaandika nyuma ya daftari lake la maandalio ya masomo. Mimi nilikuwa na futikamba, napima urefu na upana, nawaza mabomba mawili. Maneno yao niliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Kazi tuliifanyia uani, kwenye nyumba niliyopanga Gongoni. Niliukata mzinga katikati kwa msumeno, nikapata mabomba mawili ya kukaa ubavu kwa ubavu, na alama ikabaki kwenye bomba la kushoto. Nyuma yake niligongomea ubao mwembamba wa kasha la matunda. Chini ya kila bomba nilifunga kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu, ndipo moto utokee, na moto wenyewe ulikuwa vipande vya kanga nyekundu na ya njano vilivyochanwa kama ndimi. Kifuani nikaweka uso wa redio mbovu na vifundo vyake. Kandambili chakavu nilizikata vitufe, buluu na nyeupe. Mpira wa bomba la kupulizia dawa ya tumbaku, ambao baba alinipa bila kuuliza wa nini, niliupitisha begani ukaunganisha mgongo na kifua. Fundi pikipiki wa mtaani akanipa indiketa mbili zilizopasuka kidogo, akaziunga na betri, zikawa zinawaka na kuzima, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Watoto wa mtaa walikuja kutazama wakauita mzinga wa kwenda mwezini, nami nikafurahi, nikajifanya sikufurahi.

Niliwahi kujaribu na moshi. Warina hutumia moshi kuwatuliza nyuki, nikaona mimi nitautumia kuwatisha watazamaji. Nikatia kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye makopo yale mawili, nikawasha, nikajitwika, nikaanza kuzunguka uani kwa madaha. Majirani walitoka na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua. Nguo za mama mwenye nyumba zilizokuwa kambani zilinuka hadi akazifua upya, na kwa siku tatu salamu yangu haikuitikiwa. Moshi tukauacha.

Mikanda alishona mtani. Alichukua gunia la kufungia tumbaku, akalikunja mara nne, akalipiga cherehani na kutia sponji begani. Nilipouvaa mkoba mara ya kwanza ulinivuta nyuma, nikatembea kama mama mjamzito wa miezi tisa. Akanizunguka akitikisa kichwa.

"Mnyamwezi gani wewe hujui kufunga mzigo? Babu zako wanakulilia huko waliko."

Akaongeza mkanda wa kiunoni, akaupandisha mzigo juu kidogo, na mara moja ukakaa. Nadhani nilimshukuru.

Kilichobaki ni ngozi ya nje. Nilitaka mkoba ung'ae kama fedha, kwa hiyo nikaufunika kwa foili na gundi ya mbao. Foili ilishika kila mahali isipokuwa penye alama. Yale makovu ya moto yalikuwa yameumuka na kunywa nta, gundi haikai, foili inavimba na kuchanika. Nikarudia mara tatu. Na niseme ukweli, alama yenyewe ilikuwa imeanza kunikera. Ilifanya kitu changu kizima kionekane ni mzinga tu. Mimi nilitaka watu waone mwezi, wasione pori la nyuma ya Urambo. Nikachukua msasa. Baba alisema nisikate, na sikukata. Nilisugua. Unga wa gome ulinidondokea mapajani, nikakung'uta kanga.

Mtani alikuwa anakunja uzi. Mkono wake ukasimama.

"Mtani, baba atasema nini?"

"Ataonaje? Kutakuwa na foili juu."

Mtu ambaye mdomo wake hausimami hata akiwa na tonge, siku hiyo alinyamaza, nami nikaona ni uchovu.

Siku chache baadaye alikuja na habari kwamba Jumamosi hiyohiyo ya onyesho letu kuna onyesho jingine kubwa Dar es Salaam. Binamu yake anawafahamu waandaaji. "Hapa watu watashangaa, watakunywa soda, watarudi makwao," alisema. "Kule kuna kamera, mtani. Kitu kama hiki kikionekana kule kimeonekana." Nikamwambia baba hawezi kusafiri hadi Dar na mguu ule. Nikamwambia sihitaji kamera, nataka baba aone. Alinisikia vizuri. Nalisisitiza hili kwa sababu baadaye walitokea watu wa kumtetea, eti labda hakujua.

Alhamisi shule ilifungwa. Niliupeleka mkoba shuleni watoto wangu wa darasa la tano wauone kabla hawajaondoka, kisha nikauweka juu ya meza ofisini tukanywa chai ya kuagana. Mtani akainuka. Akauvaa, akabana mkanda wa kiunoni, akawasha indiketa, akazunguka meza nzima kwa mwendo wa mtu anayeelea. Walimu wakapiga makofi.

"Walimu wenzangu," akatangaza, "mpagazi ameshindwa mzigo. Nauchukua mimi. Akiutaka aukomboe."

"Komboa mwalimu," mwalimu mkuu akanihimiza huku anacheka. "Kuku mmoja tu huyo."

Ningeweza kusema sawa, jioni namleta kuku. Lakini nilikuwa nimevimba kichwa kwa sifa za siku nzima, na nilitaka kuwachekesha kama alivyowachekesha yeye. Nikajiegemeza kwenye kiti.

"Nenda nao. Mgongo wa Mzaramo tunaujua, hautafika hata getini."

Wakaangua kicheko. Yeye akanigeukia, indiketa zikimwakia mabegani.

"Umesema niende nao?"

"Nenda."

Akaenda. Niliwasikia watoto wakimshangilia hadi nje ya geti.

Kesho yake jioni nilikwenda kwake na jogoo mwekundu kwapani, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Nilikuta kufuli. Mwenye nyumba akaniambia mwalimu ameondoka alfajiri na basi la Dar, na kwamba alibeba kitu kikubwa kimefungwa kwa shuka, hata kondakta akakataa kukiweka chini kwenye mizigo kwa kuogopa kitavunjika. Nikapiga simu. Haikupatikana. Nikapiga tena na tena, nikiwa nimesimama pale mlangoni, na katika kupiga huko jogoo akawika. Mwenye nyumba akacheka. Nilijua tayari, ila kichwa kilikataa kukubali.

Baba alifika Jumamosi saa nne asubuhi. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu na viatu vilivyopakwa mafuta. Alitoka kijijini kwa pikipiki hadi Urambo, akapanda basi hadi mjini, akatembea na fimbo yake kutoka stendi hadi ukumbini kwa sababu hakutaka kunisumbua. Nilimkuta ameshakaa, mstari wa pili. Wa kwanza alisema ni wa wakubwa.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza ukweli. Nilipomwona na lile koti, ulimi ukanigeuka.

"Baba, mkoba umechelewa. Uko kwa fundi."

"Utakuja leo?"

"Sidhani."

Akaitikia kwa kichwa. Nikajifuta kwenye orodha, nikarudi nikakaa naye. Tukatazama vijana waliovaa maboksi, binti mwenye gauni la mifuniko ya soda, mzee mmoja mwenye kofia ya ungo iliyojaa nyaya. Baba alimpigia kila mmoja makofi matatu. Kila jina lilipoitwa alijiweka sawa kwenye kiti, kisha akalegea. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimchukia mtani wangu pale kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Nilimwombea basi lake liwe lilipata pancha njiani, nilimwombea foili ibanduke mbele ya watu, nilimwombea apotelee mbali. Mwishoni baba aliniuliza swali moja.

"Mzinga wenyewe mzima?"

"Mzima baba."

"Basi," akasema, akashika fimbo yake.

Video iliingia wiki iliyofuata, kwenye kundi la walimu la WhatsApp. Jukwaa kubwa, taa za kila rangi. Mtani anatembea taratibu, amejipaka uso rangi ya fedha, indiketa zinawaka kulia, kushoto. Watu wanapiga kelele. Anafika mbele, mtu anampa kipaza sauti, anamuuliza kitu hicho kakitoa wapi.

"Huu ni mzinga wa nyuki," anasema. "Umetoka Unyamwezi, njia ya misafara. Ameutengeneza baba."

Baba! Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Hakusema baba wa nani. Hakunitaja. Hakumtaja mwanamke yeyote aliyechanika vidole kwa msumeno uani Gongoni. Chini ya video walimu walikuwa wamejaza vicheko. "Mtani kakuweza," mmoja aliandika. "Sasa hapo kuku hatoshi, toa ng'ombe," mwingine. Mwalimu mkuu akaweka makofi. Nikatakiwa na mimi niweke kicheko. Niliizima simu nikalia, nikajikaza kisabuni, nikaiwasha tena na kuihifadhi ile video. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye angekasirika pamoja nami.

Nilifika kijijini siku ya pili, asubuhi. Baba alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba, ananoa shoka dogo.

"Mwangaluka baba," nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani, na akajua nina jambo, kwa sababu mjini nimezoea kumpa shikamoo.

Nilimweleza kila kitu kwa pumzi moja: ofisini, kufuli, basi, uongo wangu wa ukumbini. Hakunikatisha. Nikampa simu. Aliishika mbali na macho, kwa mikono miwili, kama anavyoshika sega la asali. Mtani akatembea, akafika mbele, akasema maneno yake. Nikawa namtazama baba usoni nikingojea.

"Alama yangu iko wapi?" akauliza.

Nilidhani hajaelewa. "Baba, umemsikia? Anasema ni baba yake!"

"Nimemsikia. Alama iko wapi? Ilikuwa upande huu, karibu na mdomo."

"Niliisugua," nikasema. "Foili ilikuwa haishiki."

Aliweka simu gotini. Video ikawa inaendelea, watu wanapiga kelele ndani ya simu.

"Kwa hiyo umepeleka mjini mzinga usio na alama, halafu ukamwambia mtu aende nao."

"Ulikuwa utani, baba."

"Mimi nimewahi kushusha mizinga miwili porini," akasema, bila ukali wowote. "Haikuwa na alama. Nikaipiga ya kwangu. Hakuna aliyeniita mwizi."

Akainama, akaokota kipande cha mkaa karibu na jiko, akanipa. Akaonyesha kizingiti, pale kando ya mguu wake, palipolainishwa kwa miaka ya watu kukaa.

"Ichore hapa."

Ni jambo la kuchekesha. Nimezaliwa nyumba hiyo. Nilipiga magoti nikachora bila kusita: mistari miwili imesimama, mmoja umelala juu yake. Baba akaitazama. Akageuza kichwa, akaitazama kwa upande wa pili.

"Hiyo ni ya mzee wa ng'ambo ya mto," akasema. "Ulikuwa unapita chini ya mizinga yake ukienda shule."

Mkaa ulikuwa mkononi, nikaona vidole vyangu vyeusi. Gotini kwake video ilikuwa imeanza upya yenyewe. Mtani akaja tena mbele, akasema tena maneno yake, na safari hii baba hakuirudisha kwangu, akaitazama hadi mwisho, sehemu ambayo mimi sikuwahi kuifikia kwa hasira. Mtani aligeuka kuondoka. Mgongo wake ukajaa kwenye kioo. Na pale kwenye bomba la kushoto, karibu na mdomo, juu ya foili yangu, kulikuwa na mistari mitatu ya kalamu nene nyeusi: miwili imelala kulia, mmoja umesimama.

Baba akaweka kidole juu yake.

"Hii hapa," akasema. "Miwili ya baba yangu, na huu wangu."

Nililikumbuka lile daftari la maandalio. Na bado nasema alinisaliti. Aliniona nikisugua akanyamaza, akajua ninachokitaka akakipeleka kilomita mia nane mbali nami, akaniacha na jogoo mlangoni na baba mstari wa pili, na hakuna alama ya kalamu itakayolifuta hilo. Lakini uso wa baba ulikuwa umefunguka kwa namna niliyoihangaikia miezi mizima, uani, kwa msumeno na gundi, na hakuwa ananitazama mimi.

"Akirudi mwambie aje," alisema. "Nilimwahidi galoni."

Kisha akanyoosha ule mguu wake mzima, akaufuta kwa wayo, taratibu, mchoro wa jirani kwenye kizingiti chake, hadi ukaisha.